Wanaosubiri Upande wa Mashine

3 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, una adabu tangu mdogo, na adabu hiyo hukuitoa kwa babu yako. Sisi huku hatujambo. Mguu wangu wa kushoto unauma, wa kulia unauma kwa huruma tu. Mjomba wako hajambo, anakoroma hata akiwa amekaa. Yule kuku mweusi analalia tena mayai ya jirani, nimemwacha, mwenye moyo wa kulea hazuiwi. Vipi mumeo? Vipi huyo kitukuu wangu, meno yameota? Msimcheke akianza kutembea. Mtoto akichekwa anarudi kukaa chini.

Anayeandika ni fundi cherehani wa chumba cha mbele. Unamkumbuka, alikushonea sare ya shule ikakubana makwapani. Anasema haikubana. Andika, fundi. Andika kwamba ilibana.

Haya. Barabara yetu imekuwa bibi harusi. Unakumbuka ilivyokuwa: mtaro wazi, maji yana povu, mtu anatembea ameegemea kuta kama mlevi kwa sababu hapana pa kuweka mguu, na hiyo kona yetu inayotema malori. Aliye upande wa mashine ya kusaga haoni linalokuja, ni mimi tu hapa kibarazani ninayeona huku na huku. Ndiyo maana tangu nina meno yote watu walikuwa wanasimama pale kwenye ukuta wa mashine wakingoja kitambaa changu cheupe. Nikikipunga, vuka. Nikikishusha, tulia hapo hapo. Hata mwenyekiti wa mtaa na lile tumbo lake alikuwa anangoja kitambaa changu kama mtoto anayengoja uji. Na siku nilizokwenda msibani au hospitali, hizo ndizo siku barabara ilipokula watu. Tunazijua. Sizitaji.

Sasa wamekuja vijana wa kofia ngumu. Mtaro umefunikwa. Kila upande kuna njia ya miguu, pana, mnapishana na beseni kichwani bila kugombana. Kivuko wamekiinua kama meza, pale kwa kinyozi, gari likifika linapanda kwa adabu. Taa. Benchi moja chini ya ukuta wa mashine. Na chini wametandika vigae vyenye vinundu, vinaanzia mbele ya mlango wangu mpaka kwa kinyozi, vinavuka, vinarudi mpaka kwenye benchi. Kinyozi anasema ni vya wasioona. Nimemwambia hapa mtaani wasioona ni wengi, wanajifanya tu. Siku walipopaka milia myeupe kwenye lami mimi nilikaa chini. Nilidhani ni unga.

Wanasema mchoro umetoka ofisini kwenu huko mbali. Ni wewe?

Jambo lililonifanya nimtoe fundi kwenye cherehani yake ni dogo. Watu wote wamekijua kivuko, hakuna anayenitazama tena. Kitambaa nakifua kwa mazoea. Lakini wapo wachache hawajajifunza. Wanasimama pale pale pa zamani, ukutani, jua la utosi, wananitazama mimi. Fundi anasema haoni mtu. Fundi anatazama sindano maisha yake yote, atamwona nani? Mngeweka kibao, labda. Niambie niwafanyeje.

Bibi yako.

1 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta na mafua, sasa nimepona. Mume wangu anakusalimu. Mtoto ameota meno mawili, amemng'ata baba yake kidole, hatukumcheka.

Ndiyo, mchoro ni wangu. Tulikuwa wengi ofisini, ila kona ile niliiomba mimi. Nilitaka mtaa ule uwe wa watu wanaotembea, siyo wa malori. Nafurahi vigae vimefika mpaka mlangoni kwako. Kwenye mchoro wa kwanza viliishia kwa kinyozi.

Hao wasiojua kivuko watajifunza, kila mahali inachukua muda. Mwambie kinyozi awaelekeze. Pale ukutani hapavukiki tena, tumeweka nguzo za zege kando ya barabara kwa makusudi.

Macho yako je? Uliniahidi utakwenda kliniki. Mjomba hanijibu nikimuuliza.

Mjukuu wako.

20 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba tena na tena. Umesikia nimekaa kimya, si kimya cha ubaya. Fundi alikuwa na sare za shule, nyumba nzima uzi, hata kwenye chumvi uzi. Mjomba wako ameng'olewa jino, anazungumza kama aliyebeba yai mdomoni. Kuku ameangua. Vifaranga vya watu, lakini anatamba navyo.

Mtaa umechangamka, mwanangu, ningependa uone. Mwenye duka ametoa viti nje. Watoto wanakwenda shule wenyewe, wamefuatana kama siafu, wanaimba. Kinyozi amepata wateja mpaka ameanza kuringa, anamwambia mtu mwenye upara "ngoja zamu yako." Jioni wazee wanatembea tu bila safari. Nikamuuliza mmoja, unakwenda wapi? Akasema, naenda na kurudi. Tangu lini mtu mtaani kwetu akaenda na kurudi bila shida iliyomtoa?

Umeuliza kuhusu macho. Macho yapo.

Sasa wale wenzangu. Kinyozi nilimtuma, akaenda mpaka ukutani, akarudi ananikodolea. "Bibi, nimwelekeze nani?" Nikamwambia basi, rudi kwenye vichwa vyako. Nikawatazama vizuri mwenyewe. Yule wa mbele ni muuza maziwa, na baiskeli yake, kengele mkononi. Wewe hukumjua, alikwenda kabla hujazaliwa, lori la mbao. Nyuma yake yule mwalimu mrefu aliyekuwa anavaa tai hata Jumapili. Yeye ulimwahi, alikufundisha kuhesabu. Wamekuja na nguo zile zile za siku ile, safi, zimepigwa pasi. Hawazungumzi. Wanangoja kitambaa tu. Hawajui milia, hiyo si ya wakati wao.

Na malori nayo. Juzi moja lilifunga breki katikati, mbele ya zile nguzo, hapana milia, hapana mtu. Dereva akateremsha kioo. "We mama! Mwambie huyo wa baiskeli aharakishe!" Fundi akamuuliza, wa baiskeli yupi? Jamaa akatazama mbele, akatazama nyuma, akafunga kioo na jua lote lile.

Kuna wa tatu. Anasimama nyuma yao, beseni la bluu kichwani, uso ameugeuzia ukutani. Huyo simtaji.

Bibi yako.

Mwanangu, haya ni yangu mimi fundi, bibi hayajui. Macho hayapo. Tangu mwezi uliopita anamimina chai nje ya kikombe, uzi mweupe na mweusi hautenganishi. Mjomba wako amekatazwa kukwambia. Mchana bibi anakaa kwenye kigoda chake kibarazani, macho meupe, anatazama ukuta wa mashine, anatikisa kichwa kama anayesalimiana na watu. Na yote aliyosema kuhusu yule dereva ni kweli. Nilikuwepo. Na sare haikubana.

11 Mei

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Umewapungia? Nijibu hilo kwanza kabla ya habari ya kuku. Kama hujawapungia, usiwapungie. Kinyozi asiende tena pale. Muombe mjomba akihamishie kigoda chako uani, kuna kivuli.

Nimewaandikia watu wa kliniki ya macho, watakupokea wakati wowote. Siyo aibu, Bibi.

Habari ya beseni sitaki kuisikia. Nisamehe kwa kusema hivyo.

Mjukuu wako.

9 Julai

Mjukuu wangu,

Hujauliza hata kuku. Basi kuku hajambo. Nimekaa miezi yote hii nimenuna, halafu nikakumbuka kwamba kununa kunataka mtu wa kukutazama ukinuna, na wewe uko mbali. Vifaranga vimekuwa, jirani amekuja kudai. Mjomba wako amepata jino la bandia, analivua wakati wa kula.

Fundi ameniambia amenichongea kwako. Sawa. Macho yameniaga, mwanangu. Yalikwenda kidogo kidogo kama mgeni mwenye adabu, leo anachukua kiatu, kesho mkoba. Kliniki nilikwenda, walinimulika, daktari akavuta pumzi. Nikamwambia usivute pumzi, wewe ndiye kijana. Kwa hiyo fundi simwoni, mjomba wako simwoni, na hilo la mwisho ni nafuu. Lakini wale wa upande wa mashine nawaona. Hata vifungo vya shati la mwalimu nilikuwa naviona.

Nilikutii. Uani nilikaa. Ila yule muuza maziwa alianza kupiga kengele. Mchana kutwa, kri-kri, kri-kri, kama mtoto anayetaka kwenda haja. Ningefanyaje? Mtu amengoja tangu wakati wa babu yako, na barabara ni shwari. Nikatoka nje, nikapunga. Akavuka, mwanangu. Alipita kati ya zile nguzo zako, akapita karibu na magoti yangu hapa, nikasikia harufu ya maziwa yaliyochemshwa, akaingia uchochoroni. Fundi alisikia kengele. Alijichoma sindano, muulize. Kesho yake mwalimu naye. Alipofika kwangu alisimama kidogo, akasema "Asante kwa kungoja." Mimi ndiye nimengoja! Watu wenye elimu wana maneno. Akapita, naye sijamsikia tena.

Nikasema basi, amebaki mmoja, nimalize kazi. Sikuwahi kumaliza kazi yoyote maishani mwangu, hata babu yako alikufa nikiwa bado namsema. Nikapunga kwa yule wa beseni. Hakuja. Nikapunga tena. Aligeuka, na uso ni ule ule, hajazeeka, mimi ndiye nimekuwa kama mama wa mama yake. Mama yako, mwanangu. Wewe hutaki kutaja, mimi nataja. Alikwenda kusaga na mimi nilikuwa hospitali na mguu huu huu, na alipokuwa anarudi hapakuwa na mtu kibarazani.

Hakuja. Aliteremsha beseni, akaliweka kwenye lile benchi. Akafungua kilemba chake. Akakiinua juu.

Nilifikiri ananisalimia. Kisha nikaelewa. Anakipunga hivi, na kukitua hivi, kama ninavyofanya mimi, alijifunza kwangu. Wanaovuka sasa ni wa upande huu! Nilicheka mpaka fundi akaja na kikombe cha maji. Mimi niliyevusha mtaa mzima na mwenyekiti wake, leo navushwa.

Tangu hapo kila siku jua likiwa utosini anakipunga. Simjibu. Nimemwambia kwa mkono, ngoja kidogo. Lakini viatu nimevua, nimejaribu vile vigae kwa nyayo. Vinasomeka, mwanangu! Mimi nisiyejua hata alifu, miguu yangu inasoma. Vinatoka mlangoni pangu mpaka kwake, sina pa kupotelea. Ulivitengeneza vizuri sana.

Bibi yako.

2 Agosti

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako imechelewa posta, imefika leo, naandika nikiwa nimesimama. Mjomba nampigia, simu yake haipatikani.

Usivuke. Nakuomba. Usikanyage kigae hata kimoja. Kaa ndani, mwambie fundi akae mlangoni. Nimeomba ruhusa kazini, wakinipa tu nakuja, mwezi huu huu.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Siku ile walinifungia chumbani ili nisione. Sikuona. Niliona viatu tu, vya watu waliokuwa wanaingia kutoa pole, kupitia chini ya mlango. Vyote vilikuwa na unga. Nimekaa ofisini mwaka mzima nikichora kona ile, watu wakisifu jinsi ninavyoijua, na mimi nikiona viatu. Niliweka nguzo ili mahali pale asisimame mtu tena. Vigae nilivirefusha hadi kwako kwa sababu nilijua, Bibi, kuhusu macho nilijua zamani. Lile benchi sijui. Halikuwemo. Nilikuta nimelichora.

Nilifikiri nikitengeneza pa kuvukia, mama atavuka. Anafika nyumbani, basi. Sikufikiri kwamba kivuko kina ncha mbili.

Mwambie asikupungie wewe. Mwambie mama anisubiri mimi. Nakuja.

Mjukuu wako.

17 Agosti

Mke mwenzangu,

Umekaa kimya. Labda umeudhika, labda ni posta, posta yetu inatembea kwa magoti. Nimeona nisikungoje kukuandikia, maana nina furaha leo na furaha ikilala inachacha.

Sisi wazima. Mjomba wako amelala. Jirani amechukua vifaranga vyake, kuku ameshinda anavitafuta chini ya kitanda changu, nimembeba mapajani hapa tunasikilizana mioyo. Watoto wametoka shule, nawasikia wanapita kwenye njia ya miguu, mmoja anaburuza fimbo kwenye ukuta. Hakuna anayewakemea. Zamani ningekuwa nimesimama roho mkononi. Umewafanyia jambo kubwa, mwanangu, na hata wasipolijua ndiyo uzuri wake. Barabara nzuri haina hadithi.

Fundi, huandiki. Mbona huandiki? Anasema anaandika.

Leo mama yako amepunga mapema. Na anatabasamu, kile kitabasamu chake cha pembeni, kama zamani akivunja kitu. Nimefikiri, nitakwenda tu nimsalimie. Nikae naye pale kwenye benchi, nimuulize kwa nini haji ndani, ni mimi nilimkosea nini au ni kiburi chake tu, kisha nirudi kabla chai haijapoa. Chai imeshamiminwa. Fundi asiinywe.

Kitambaa nampa fundi anishikie.

Bibi yako.

20 Agosti

Mwanangu,

Hii ni mimi fundi peke yangu. Simu ya mjomba wako imeshakufikia, najua, na unakuja na basi la kesho kutwa. Barua hii nampa dereva anayeondoka sasa hivi, akukabidhi mkononi kabla hujapanda. Ya bibi ya mwisho nimeifunga pamoja.

Simu ilikwambia alivyokwenda. Haikukwambia yote. Nilidhani atafika kwa kinyozi arudi, ndiyo maana sikumzuia. Alivua kandambili, akafuata vile vigae kwa nyayo, anatembea kama mtu mwenye macho mawili mazima, anaongea njia nzima. Alipofika kwa kinyozi aligeuka upande wangu na kusema kwa sauti, "Haya, fundi, nivushe!" Nikakiinua kitambaa. Magari yakasimama pande zote mbili, mwanangu, hata lile la mwisho kabisa ambalo lisingeweza kumwona. Hakuna gari lililomgusa. Ninataka ulijue hilo, barabara yako haikumgusa. Alifika ng'ambo, akarudi na vigae mpaka kwenye benchi, akakaa upande mmoja, si katikati. Akawa anacheka. Nilipofika kwake alikuwa amenyamaza, na tangu nimjue bibi yako nilikuwa sijamsikia amenyamaza. Mkono wake mmoja ulikuwa umefunguka hivi, kama ulioshikwa. Kwenye benchi, karibu naye, palikuwa na unga.

Barua yako ya tarehe mbili imeletwa leo asubuhi, baada ya kumzika. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikaisoma kwa sauti kama nilivyozoea kumsomea. Nisamehe. Ilikuwa mazoea tu. Jua lilikuwa utosini. Nikasoma usivuke, nikasoma viatu, nikasoma mpaka pale uliposema mama akusubiri wewe.

Nikainua macho.

Macho yangu mazuri, mwanangu, natunga uzi bila miwani. Wako wawili pale ukutani. Mmoja ana beseni kichwani. Mwingine ni mfupi, haachi kuongea, mikono inakwenda. Walikuwa wananitazama mimi. Nilipomaliza kusoma hayo maneno, waligeuka pamoja, wakatazama kule basi linakotokea.

Njoo. Nyumba ni yako na mjomba wako anakuhitaji. Kuku nimemchukua mimi. Lakini basi linasimama pande zote mbili siku hizi, mlilipangia vituo viwili, kimoja huku, kimoja upande wa mashine. Nimekaa hapa kibarazani na kitambaa nimekikalia, sikipungi. Mwambie dereva mapema, kabla hamjafika kwenye kona.

Shukia upande huu.